Taa Kali na Usalama wa Wafanya Kazi wa Usiku

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Takawiri)

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama mnaoanika omena, na ninyi madereva mliovuka maji kutoka Mbita, twajua kwamba saa hizi wengine wenu mngekuwa mmelala ili mpate nguvu za kazi ya usiku, kwa hiyo hatutasema maneno ya kupoteza wakati.

Halmashauri ya tawi imetuagiza tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni taa za mbele za gari. Huenda mtu akauliza: Takawiri ni kisiwa, hayo magari yako wapi? Jibu letu ni hili. Samaki anayetoka hapa hamfikii mlaji bila gari. Mashua humfikisha Mbita, na toka Mbita pikapu humchukua kwenda Homa Bay, na kutoka huko huenda Rongo, Kisii, Migori na kwingineko. Kazi yetu ni mnyororo mmoja. Pikapu ikianguka mtaroni usiku, mvuvi hajalipwa, mama mwanikaji hajalipwa, mpagazi hajalipwa, na nyumbani kwa dereva kuna kilio.

Tena kuna sababu ya pili. Omena huvuliwa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazina nguvu ya kuwakusanya samaki, nasi huvuta mashua ufuoni tukashona nyavu. Kwa hiyo siku zile mzigo ulipo mwingi ndizo siku ambazo barabara haina mbalamwezi. Giza linalompa mvuvi riziki ndilo linalomtia dereva hatarini.

Sasa neno lililoletwa mbele ya halmashauri ni hili. Madereva wengine wamelalamika kwamba taa za magari wanayopewa ni hafifu, hawaoni mtu mpaka wamemfikia. Baadhi yao wamenunua globu kali kwa fedha zao wenyewe na kuzitia. Madereva wengine, na vijana wetu wa bodaboda, wamelalamika kwamba hao wa kwanza wanawapofusha njiani. Maneno yamekuwa makali, na tumesikia mwanachama akimwita mwenzake muuaji. Ndugu zangu, hilo ndilo lililotuleta hapa. Chama hakiwezi kusimama kama dereva na dereva wanachukiana kwa sababu ya globu. Basi tuchunguze jambo lenyewe kwa akili, tujue kosa ni la nani.

MAFUNZO YA ZIWANI

Kwanza tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Takawiri analijua. Kwa miaka mingi omena walivuliwa kwa taa za karabai, zile za kupiga pampu, zenye kutumia mafuta ya taa. Mvuvi alinunua mafuta kila usiku wa kazi, na soksi za taa, na kioo kilipopasuliwa na tone la maji baridi alinunua kioo kingine. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani, pamoja na shirika la Global Nature Fund, walifungua kituo Mbita cha kuchajia betri kwa nguvu za jua na kukodisha taa za umeme kwa wavuvi na watu wa nyumbani. Baadaye zilikuja taa za LED, nazo zimeenea katika ziwa letu upande wa Kenya na upande wa Tanzania pia.

Taa hizo mpya ziliposhikwa na wavuvi, wazee wetu walifanya nini? Hawakuuliza tu kama taa inang'aa kuliko karabai. Waliuliza maneno matatu: Je, mwanga unakwenda majini waliko samaki, au unapotea hewani? Je, itawaka mpaka alfajiri? Je, usiku mmoja utatugharimu shilingi ngapi? Taa ikimwaga mwanga juu angani, au ikimpiga mvutaji wa wavu machoni, haina faida ingawa ni kali namna gani. Mvuvi hanunui ukali. Hununua mwanga ulio mahali pake.

Maneno hayo matatu ndiyo tutakayoyatumia katika habari za gari.

KABLA YA KUNUNUA GLOBU

Magari mengi tunayoendesha ni ya zamani kidogo, yaliyoletwa yakiwa yametumika, na mengi yana globu za halojeni. Katika pikapu nyingi ni ile iitwayo H4. Hiyo ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Uzi mmoja ni wa taa ndefu, ambayo sisi huiita fuli, nao hutumia wati 60. Wa pili ni wa taa fupi, yaani dimu, nao hutumia wati 55. Kwa kipimo cha kimataifa, globu nzuri ya namna hii hutoa mwanga wa lumeni 1,650 hivi kwa fuli, na lumeni 1,000 hivi kwa dimu, ikiwa imepata umeme wa volti 13.2.

Shikeni sana neno hilo la mwisho: ikiwa imepata umeme wake. Gari jipya hutoa umeme huo. Lakini katika gari la miaka 15 au 20, umeme hutoka kwenye betri, ukapita katika nyaya nyembamba, ukaingia ndani kwenye swichi iliyochakaa, ukarudi mbele, kisha ukarejea kwenye bodi kwa waya wa athi ulioshika kutu. Njiani umeme hupotea. Nao mwanga wa halojeni hupungua upesi kuliko umeme wenyewe. Volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Dereva hulaumu globu, kumbe globu ina njaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kwenda dukani. Fundi waya apime volti nyuma ya globu yenyewe, injini ikiwa inazunguka na taa zikiwa zinawaka. Akiona volti 12 au chini, huku betri inaonyesha karibu 14, ugonjwa uko katika nyaya. Dawa yake ni kusafisha athi na viungo, na kutia rilei. Rilei ni swichi ndogo ya umeme iwekwayo karibu na taa. Waya mnene hutoka moja kwa moja kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi iliyo karibu na betri, ukaingia kwenye rilei, kisha kwenye globu. Swichi ya zamani hubaki na kazi nyepesi ya kuiamuru rilei. Wengi waliofanyiwa hivyo hushangaa kuona globu zao za kale zimefufuka.

Jambo la pili ni kioo cha mbele. Taa za siku hizi zina vioo vya plastiki, nayo plastiki hiyo hugeuka manjano kwa jua. Mwanga hukwama humo, na mwingine hutawanyika ukaingia machoni mwa watu. Kioo cha namna hiyo husuguliwa kwa msasa laini wa maji, kikang'arishwa, kisha kikapakwa dawa ya kukinga jua, kwa maana bila dawa hiyo umanjano hurudi. Na sahani ya fedha iliyo ndani ikiwa imebabuka, hakuna globu duniani itakayoisaidia. Taa nzima ibadilishwe. Tena vumbi lifutwe kila kabla ya safari. Kitambaa na maji ya ziwa havinunuliwi.

Jambo la tatu ni mwelekeo, na hili linatuhusu sisi wa samaki kuliko watu wengine wote. Simamisha gari mahali pa sawa, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, upige alama ukutani kwa urefu huo huo. Washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga yafaa uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 10 hivi. Sasa pakia magunia ya omena nyuma, au makasha ya barafu na mbuta, kisha tazama tena. Mkia umeshuka, pua imeinuka, na ule mstari umepanda. Pua ikiinuka digrii 1 tu, mwanga hupanda sentimita 17 pale ukutani. Basi dimu yako imekwisha kuwa kama fuli machoni mwa anayekuja, na barabara iliyo mbele yako imebaki gizani, kwa sababu mwanga wako umekwenda mitini.

Ndugu madereva, wengi wenu mliotukanwa kwa kupofusha watu hamkuwa na globu kali hata kidogo. Mlikuwa na mzigo. Magari mengine yana kidude cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, cha kushusha taa wakati wa mzigo. Kitumieni. Gari lisilo nacho, taa zake zirekebishwe likiwa limepakiwa kama lipakiwavyo kila siku.

GLOBU ZA WATI NYINGI

Tuje sasa kwenye globu kali zenyewe. Kuna namna tatu zinazouzwa.

Ya kwanza ni halojeni ya wati zile zile 60 na 55, lakini sandukuni imeandikwa kwamba inazidisha mwanga kwa asilimia 100 au zaidi. Msidhani imezidisha mwanga wote mara mbili, maana kipimo cha sheria ni kile kile. Uzi wake umetengenezwa mwembamba na wa kukazwa zaidi, hata mwanga ukajikusanya mahali fulani barabarani. Faida ipo, nayo ni ya kweli, wala haiharibu nyaya. Lakini uzi wa namna hiyo hufa mapema, na barabara zetu za mashimo huuwahisha kufa. Anayeitumia awe na globu ya akiba garini. Na ile iliyopakwa rangi ya buluu ili ionekane nyeupe, jueni kwamba hiyo rangi inakula mwanga, haiongezi.

Ya pili ni halojeni ya wati 100 na 90. Hapa fanyeni hesabu pamoja nasi. Globu mbili za wati 60 hutaka umeme wa ampea 10. Globu mbili za wati 100 hutaka ampea karibu 17. Waya ni ule ule, na swichi ni ile ile. Waya huo utafanya nini? Utapata moto.

Tunaye mwanachama mwenzetu aliyetia globu hizo kwa fedha za mshahara wake, kwa sababu mwenye gari alikataa kumtengenezea taa. Usiku wa tatu alisikia harufu ya plastiki. Kabla hajasimama, taa zote mbili zilizimika kwa mara moja, akiwa na magunia nyuma, kwenye kona, mbele yake watu wakienda kwa miguu. Alishika breki akaomba Mungu. Hakuna aliyekufa. Lakini kesho yake alikatwa mshahara kwa kuharibu nyaya za gari. Ndugu zangu, mtu huyo alinunua globu ili asiue watu, akalipishwa mara mbili. Hatutaji jina lake wala la tajiri wake, lakini twawauliza: kosa lilikuwa la nani?

Twasema kwa uwazi kwamba alikosea kutia globu ya wati 100 katika nyaya za wati 60. Kosa lake ni hilo. Lakini kosa la kwanza ni la yule aliyempa mtu gari la usiku lisilo na taa.

TAA ZA LED KATIKA SAHANI YA HALOJENI

Ya tatu ni LED. Twajua mtatuambia: mbona mmesifu LED za ziwani? Ni kweli, na hatukanushi. Lakini taa ya mvuvi imetengenezwa yote pamoja iwe ya LED. Vilevile gari jipya lililotoka kiwandani na taa za LED ni jambo jingine. Tunachosema ni kuchomeka globu ya LED ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni.

Katika H4 uzi unaowaka ni mdogo sana, nao umekaa mahali pamoja palipopimwa. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende juu. Sahani ya taa imepindwa kwa kuufuata uzi huo. LED haina uzi. Ina vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za kijiti. Visipokaa mahali pa uzi barabara, sahani huutupa mwanga ovyo: mwingine chini karibu na bampa, mwingine juu katika macho ya watu.

Dereva akiiwasha hufurahi, kwa sababu pale karibu na gari pameng'aa kama mchana. Lakini hapo ndipo hila ilipo. Jicho likipata mwanga mwingi karibu, mboni hujifunga, na kule mbali, anakotembea mtoto, panakuwa peusi zaidi. Dereva anaona vizuri mahali ambapo hawezi tena kusimama, na haoni mahali ambapo angeweza kusimama. Na mwenye bodaboda anayekuja hana kioo cha gari wala tinti. Hupigwa na mwanga wote usoni akaelekea mtaroni.

Hata Ujerumani, nchi ya mafundi, hawakuruhusu globu za LED za kubadilishia halojeni mpaka mwaka 2020, na ruhusa hiyo ilikuwa kwa globu iliyopimwa na kwa magari yaliyotajwa katika orodha tu. Hakuna aliyepimia pikapu yako globu uliyoinunua sokoni. Hapa Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, haimruhusu mtu kuendesha gari lenye taa za kuwapofusha wengine. Siku ya ajali utaulizwa wewe dereva, si aliyekuuzia.

Na kumbukeni mwenendo wa ushindani. Mmoja akitia taa kali, anayekutana naye hupofuka, naye kesho hutia kali zaidi. Mwisho wote wana taa kali na hakuna anayeona. Ziwani pia ni hivyo: samaki hawakuongezeka kwa sababu taa zimeongezeka.

MWENDO NA MSHAHARA

Sasa tuseme lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Dimu nzuri, iliyoelekezwa vema, humwonyesha dereva mtu mwenye nguo nyeusi kwa mita kama 50. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huhitaji mita 46 hivi kusimama juu ya lami kavu, ukihesabu na wakati wa dereva kushtuka. Gari la kilomita 80 huhitaji mita 70 hivi. Na likiwa na mzigo mzito au lami ikiwa na maji, huhitaji zaidi. Basi mwenye kwenda 60 anaweza kumwokoa mtu. Mwenye kwenda 80 kwa dimu amekwisha kumgonga, hata kama globu ni mpya.

Kwa nini dereva aende 80 usiku? Je, anapenda kufa? Hapana. Analipwa kwa safari, wala halipwi kwa saa. Ameambiwa asipofika sokoni kabla ya wengine bei itashuka, na hasara itakatwa kwake. Hiyo ndiyo globu kali anayoitaka tajiri: mtu aone mbali zaidi ili akimbie zaidi kwa malipo yale yale. Sisi twataka taa njema ili mtu afike nyumbani.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo halmashauri yaleta mbele yenu mashauri haya, myajadili na kuyapigia kura.

Kwanza, taa, nyaya, rilei na globu ni vyombo vya kazi, kama wavu na mashua. Mwenye gari ndiye anayevinunua. Dereva asikatwe hata senti moja kwa globu iliyokufa kazini.

Pili, dereva akiandika katika daftari kwamba taa ni mbovu, gari lisitoke usiku mpaka zimetengenezwa, na dereva huyo asifukuzwe kwa kukataa kwenda. Mwanachama mmoja akikataa peke yake atafukuzwa. Tukikataa sote, taa zitatengenezwa.

Tatu, sisi wenyewe tuwajibike. Mwanachama yeyote aliyetia wati 100 bila nyaya zake, au LED katika sahani ya halojeni, aitoe. Tawi litamsaidia kusema na mwenye gari ili alipiwe taa iliyo halali. Tusiwadai matajiri usalama huku tukiwaharibia macho vijana wa bodaboda, ambao ni wafanya kazi kama sisi.

Nne, kila mwezi kabla ya siku za giza kuanza, magari yote yapimwe mwelekeo wa taa kwenye ukuta mmoja huko Mbita, yakiwa yamepakiwa. Alama zitapigwa mara moja tu. Kazi hiyo yachukua dakika chache kwa kila gari, wala haina gharama.

Tano, malipo ya safari ya usiku yahesabiwe kwa mwendo wa kilomita 60, na dereva asitozwe hasara ya soko kwa kutokimbia.

Ndugu wanachama, waliogombana juu ya jambo hili wako hapa ndani, tunawaona. Mmoja alitaka aone njia. Mwingine alitaka asipofushwe. Wote wawili walitaka kitu kimoja, yaani kurudi kwao asubuhi. Twawaomba wapeane mikono leo, kabla mashua ya Mbita haijaondoka.

Usiku wa leo mkitazama ziwani mtaona taa za wenzetu, kila mashua na taa zake, zimetapakaa majini. Kila taa imeinamishwa chini, kwenye kazi yake. Tufanye hivyo hivyo barabarani.

Umoja ni nguvu.